Kuifuata Chai Kinyumenyume

Safari ya chai tumeizoea kwa mwelekeo mmoja: kutoka shambani hadi kiwandani, kutoka kiwandani hadi bandarini, kisha baharini. Mimi niliishika njia hiyo kwa upande wa pili. Nilianzia Shimanzi, Mombasa, magunia yanakongojea meli, nikapanda hadi maabara ya Nairobi, nikakata Bonde la Ufa mpaka Kericho, nikaishia katikati ya mistari ya michai. Nilikuwa na swali ambalo nimelisikia kwa jamaa, majirani na wauza duka, watu ambao siku hizi hukitazama kikombe kwa wasiwasi kwa kuwa wameambiwa chai ina sumu. Hiyo sumu inayopimwa ni ipi? Inaingilia wapi? Na mnywaji aogope kiasi gani?

Shimanzi ni mtaa wa maghala, jirani na bandari ya Kilindini. Malori hujipanga tangu alfajiri, makuli hubeba magunia ya karatasi nzito mabegani, na hewa hunuka dizeli, chumvi ya bahari na majani makavu kwa pamoja. Chai iliyolala humo haikutoka Kenya peke yake. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na leo unauza pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na nchi nyingine za jirani. Ukisimama mlangoni mwa ghala moja unaweza kusoma majina ya vilima vya nusu ya Afrika Mashariki kwenye magunia.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyeonja chai tangu ujana wake. Alinipeleka kwenye chumba cha kuonjea, chenye meza ndefu, safu ya vikombe vyeupe na birika za udongo zilizofunikwa. Kila sampuli ilipimwa uzito ule ule, ikamwagiwa maji yaliyochemka, ikaachwa dakika zile zile. Mzee alipita na kijiko, akivuta chai kwa kishindo, kuizungusha mdomoni na kuitema, huku karani akiandika. Nilimwuliza kama anaweza kuitambua chai yenye dawa.

“Ulimi wangu unajua kama majani yalichachuka kupita kiasi,” alinijibu. “Unajua kama yaliungua, na kama moshi uliingia. Lakini dawa kwa kiwango wanachokitafuta hao wa maabara, mwanangu, haina ladha wala harufu. Hapo mimi sina kazi.”

Kiwango chenyewe ni kidogo mno. Kwa baadhi ya kemikali, Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 0.02 katika kilo moja ya chai. Chukua malori 40, kila moja limebeba tani 25 za chai. Kemikali yote inayoruhusiwa katika msafara mzima ni gramu 20, yaani vijiko vichache vya sukari. Ndiyo maana kuchukua sampuli ni kazi ya watu makini. Kijana wa ghala alinionyesha: hutoboa magunia mbalimbali ya mzigo mmoja, juu, kati na chini, huchanganya alichokipata, hukigawanya, hukichanganya tena, ndipo hufunga pakiti ya kupelekwa maabara na nyingine ya kuhifadhiwa endapo kutatokea ubishi. Ukichota gunia moja tu, umepima gunia hilo, hukupima mzigo. Mashine ya mamilioni haiwezi kurekebisha uvivu uliofanyika ghalani.

Niliipanda treni ya Madaraka kwenda Nairobi. Tsavo ilipita dirishani, kavu na nyekundu, na jioni nilikuwa mjini.

Maabara niliyoruhusiwa kuingia ilikuwa na ukimya wa feni na baridi ya viyoyozi. Mkemia aliyenipokea, dada wa makamo aliyevaa koti jeupe na miwani ya kujikinga, alinitahadharisha mapema: chai ni miongoni mwa vyakula vinavyosumbua sana maabara. Nyanya karibu yote ni maji. Jani la chai lililokaushwa limejaa kafeini, rangi na polifenoli, na vitu hivyo hutoka pamoja na kile unachokitafuta, vikakifunika.

Nikamtazama akifanya kazi. Chai ilisagwa ikawa unga. Gramu mbili ziliwekwa kwenye chupa ndogo, zikaloweshwa maji kwanza ili jani lifunguke, kisha akatia kiyeyushi kiitwacho asetonitraili na kutikisa kwa nguvu. Akaongeza chumvi, na hapo maji na kiyeyushi vikatengana kama vilivyoamriwa, dawa zikabaki upande wa kiyeyushi. Chupa zikazungushwa kwa kasi katika mashine, tabaka la juu likachotwa, likasafishwa kwa unga unaonasa rangi na tindikali, unga mwingine mweusi wa kaboni ukatumika kwa kijani kilichokaidi. Mwishowe tone dogo likaingia katika mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa vipande vyake. Njia hii, QuEChERS kwa jina lake, ilitangazwa mwaka 2003 na Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao, na imefanya kazi iliyokuwa ikila siku nzima ikamilike kwa muda mfupi na kwa viyeyushi kidogo.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi maabara inavyojishuku. Kila kundi la sampuli husindikizwa na chai safi ambayo mkemia mwenyewe ameitia kiasi anachokijua cha dawa. Mashine ikimrudishia kati ya asilimia 70 na 120 ya alichotia, kazi inakubalika. Ikimrudishia nusu, kazi yote inarudiwa. Na hata namba iliyokubalika ina ukungu wake. Kwa desturi ya maabara za Ulaya, matokeo ya viuatilifu huhesabiwa kuwa na mashaka ya asilimia 50 juu na chini. Ukisoma 0.03, ukweli unaweza kuwa 0.015 au 0.045. Mkaguzi wa serikali huko huyazingatia mashaka hayo kabla ya kuutangaza mzigo kuwa umevunja sheria. Mnunuzi binafsi halazimiki; akiona 0.03 anaweza kukataa.

Orodha ya kemikali zinazotafutwa ni ya mamia, na kwenye karatasi nilizoonyeshwa mistari mingi ilisema kitu kimoja: chini ya kiwango cha kupimika. Mkemia hakushangaa. Wakulima wadogo wa Kenya kwa kawaida hawaipulizii michai yao dawa za wadudu. Nyanda za juu zenye baridi hazina mashambulizi makubwa kama yale ya nchi nyingi zinazolima chai. Kinachoonekana mara nyingi kimetoka pembeni: upepo kutoka shamba la mboga la jirani, pampu iliyotumika kwenye kabichi ikarudishwa kupuliza magugu bila kuoshwa vizuri.

“Sasa ikionekana, na imezidi kikomo, mnywaji ameingia hatarini?” nikamwuliza.

Alivuta karatasi tupu. Somo alilonipa hapo ndilo ninalotamani kila mnywaji wa chai alipate.

Chukua asetamipridi, dawa ya wadudu inayotumika sana duniani. Kikomo chake katika chai ni miligramu 0.05 kwa kilo katika Umoja wa Ulaya. Japani kikomo ni miligramu 30. Chai ile ile inayokataliwa Ulaya inaweza kuuzwa Japani hata ikiwa na dawa hiyo mara mia kadhaa zaidi. Wajapani hawana matumbo tofauti. Wao hulima chai na huipulizia dawa hiyo kwa kibali, kwa hiyo kikomo chao kilitokana na majaribio ya shambani: mkulima akifuata masharti, kiasi gani hubaki kwenye jani? Ulaya, ambako chai inayolimwa ni kidogo mno, kikomo kiliwekwa pale mashine inapoanza kuona. Kikomo, basi, ni chombo cha kumkagua mkulima na kusimamia biashara. Hakikuchorwa kuwa mpaka kati ya uzima na sumu.

Hatari huhesabiwa kwa njia nyingine. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula mwaka 2024 ilipendekeza kiasi ambacho mtu anaweza kukila kila siku maisha yake yote kishushwe hadi miligramu 0.005 za asetamipridi kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu wa kilo 60 ana posho ya miligramu 0.3 kwa siku. Tuseme anatumia gramu 10 za majani kwa siku, ambazo ni vikombe kadhaa vizito, na chai yake ina miligramu 0.06 kwa kilo, yaani imevuka kikomo cha Ulaya. Hata kama dawa yote itahamia kikombeni, atakunywa miligramu 0.0006. Hiyo ni sehemu moja ya 500 ya posho yake. Mtoto wa kilo 15 anayetumia nusu ya majani hayo atafikia sehemu moja ya 250.

“Lakini usikimbilie kusema dawa si kitu,” aliendelea. “Rudisha hesabu hiyo kwa miligramu 30.” Nilizidisha mwenyewe: gramu 10 za chai yenye kiasi hicho zinatoa miligramu 0.3, yaani posho nzima ya mtu mzima, kabla hajala tunda wala mboga. Dawa ile ile, jani lile lile; kiasi ndicho kinachoamua.

Kisha akaandika jina ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa sokoni: alkaloidi za pirolizidini. Hizi hakuna anayezipulizia. Zinatengenezwa na mimea yenyewe, hasa magugu, ili isiliwe na wadudu. Zinaumiza ini, na baadhi yake zinaweza kuharibu vinasaba na kuleta saratani. Kwa vitu vya namna hiyo wataalamu hawataji posho ya kila siku; hutazama umbali uliopo kati ya kile anachokunywa mtu na kiasi kilichohusishwa na ongezeko la saratani kwa panya wa maabara. Kiasi hicho cha panya, kwa tathmini ya Ulaya ya mwaka 2017, ni mikrogramu 237 kwa kilo ya mwili kwa siku. Umbali ukiwa mara 10,000 au zaidi, wasiwasi huhesabiwa kuwa mdogo.

Tangu Julai 2022 kikomo cha Ulaya kwa alkaloidi hizi katika chai ni mikrogramu 150 kwa kilo. Mnywaji wetu wa gramu 10 atapata mikrogramu 1.5, ambazo kwa mwili wa kilo 60 ni 0.025 kwa kilo. Gawanya 237 kwa 0.025: unapata 9,480. Yaani chai iliyo halali kabisa, ikiwa imefika ukingoni mwa kikomo, inampeleka mnywaji wa kila siku pale pale ambapo wataalamu huanza kukunja uso. Namba hii ilinikalia kichwani njia nzima. Kwenye dawa ya wadudu, mzigo uliovuka kikomo kidogo ulikuwa mbali mno na madhara. Kwenye sumu ya gugu, mzigo ulio ndani ya kikomo ulikuwa umeshafika kwenye kiwango cha kutia wasiwasi. Anayesikia tu kwamba chai fulani “imefeli” au “imefaulu” hajaambiwa bado kinachomhusu.

Kabla sijaondoka alinipa ufunguo mwingine. Si kila kilicho kwenye jani hufika kikombeni. Kemikali zinazopenda maji, kama asetamipridi na hizo alkaloidi, hutoka kwa wingi. Zinazopenda mafuta, kama bifenthrini, hubaki zimeng'ang'ania majani na hutupwa pamoja na makapi. Vipimo vingi vya jambo hili vimefanywa kwa mtindo wa kumwaga maji ya moto juu ya majani na kuyatoa baada ya dakika chache. “Sisi tunachemsha majani pamoja na maziwa, tunaacha yatokote,” alisema. “Ndiyo maana nikimhesabia mnywaji wa kwetu, nachukulia kwamba vyote vimetoka.” Nilimheshimu kwa hilo. Aliifanya hesabu kwa sufuria ya nyumbani kwake.

Njia ya kwenda Kericho hupita Limuru, ambako mbegu za chai zilipandwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903, kisha huteremka ukutani mwa Bonde la Ufa, ziwa la Naivasha likiwa upande wa kushoto. Nakuru tulisimama kula. Kwenye hoteli ya kando ya barabara niliagiza chai na chapati, na kijana aliyenihudumia alipotabasamu niliona meno yenye mistari ya kahawia. Nilikuwa nimeyaona meno hayo Arusha na Meru ya Tanzania pia. Ni alama ya floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia visimani. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, meno ya mtoto anayekua huharibika rangi, na kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huwa migumu na viungo huuma.

Chai nayo ni mmea unaovuta floraidi kutoka udongoni na kuihifadhi majanini, zaidi kwenye majani makuukuu kuliko machanga. Kikombe cha chai nyeusi mara nyingi huwa na miligramu 1 hadi 4 za floraidi kwa lita hata kikitengenezwa kwa maji yasiyo nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sasa weka chai hiyo ndani ya maji ya kisima ambayo tayari yana 3 au 5, na mpe mtoto kila asubuhi kabla ya shule. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, hiyo inazidi kukolea. Dawa ya tatizo hili inajulikana, na imefanyiwa kazi kwenye ukanda huu huu: kuchuja maji kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, kazi iliyoendelezwa na Dayosisi Katoliki ya Nakuru na, upande wa Tanzania, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha. Cheti cha maabara cha gunia la chai hakiwezi kusema lolote kuhusu hili, kwa kuwa kilipima jani. Maji ni ya mnywaji.

Baada ya Mau Summit hewa ilibadilika. Baridi ilipenya madirishani, vilima vikaanza kuvaa kijani kimoja kisichokatika, kimekatwa sawasawa kana kwamba kimepimwa kwa kamba. Kericho hunyeshewa mchana karibu kila siku, na wakulima huogopa mvua ya mawe kuliko ukame. Nilifika mvua ikiwa imekwisha, ukungu ukiinuka kutoka mabondeni.

Kiwanda nilichotembelea hutumikia wakulima wadogo wa vilima vya jirani. Ndani yake jani bichi hunyaushwa kwenye vitanda virefu vinavyopulizwa hewa, husagwa na kuviringwa, huachwa lichachuke mpaka ligeuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto hadi unyevu ubaki karibu asilimia tatu. Zaidi ya kilo nne za jani bichi hutoa kilo moja ya chai. Moto wa kazi yote hutoka kwenye boila, na boila hula kuni: magogo ya mikaratusi yaliyopangwa chini ya paa refu.

Hapa ndipo ile miligramu 0.02 niliyoitaja Shimanzi inapohusika. Ni kikomo cha antrakwinoni, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Mkulima haipulizii. Moshi wa kuni na makaa unayo, na viwanda vya karatasi huitumia wakati wa kuivisha massa ya miti, hivyo inaweza kutoka hata kwenye gunia. Msimamizi wa boila, mzee mpole mwenye mikono iliyokomaa kwa joto, alinieleza kwamba mnunuzi mmoja wa ng'ambo aliwahi kuukataa mzigo wao kwa kusoma 0.03.

“Tuliulizana, dawa gani? Hatujapuliza kitu,” alisema. “Tulikuja kujua ni moshi wetu wenyewe.”

Alinizungusha kunionyesha. Mvuke wa boila hupita ndani ya mabomba, mabomba hupasha hewa, na hewa hiyo ndiyo inayogusa chai. Moshi unatakiwa utoke juu ya bomba refu na kwenda zake. Lakini bomba likiwa fupi na upepo ukigeuka, feni za kunyaushia huuvuta moshi ndani. Kuni zikiwa mbichi, moshi huwa mzito zaidi. Walichofanya hakikuhitaji utaalamu mkubwa: waliinua bomba la moshi, wakaacha kuni zikauke kwa miezi chini ya paa, wakahamisha mahali feni zinapovuta hewa, na wakamtaka muuza magunia aeleze karatasi yake imetengenezwaje. Niliukumbuka ulimi wa yule mzee wa Mombasa, unaotambua chai ya moshi. Mwonjaji angesikilizwa kama mlinzi wa afya, na kila mzigo aliousikia una moshi ukapelekwa kupimwa, tatizo lingeonekana kabla halijavuka bahari.

Kesho yake asubuhi nilipelekwa shambani kwa mama mmoja mwenye michai nyuma ya nyumba, karibu na kituo cha kuuzia majani. Alikuwa akichuma na binti yake, vikapu mgongoni, vidole vikienda kasi kuliko macho yangu: majani mawili na chipukizi, tena majani mawili na chipukizi. Nilimwomba anionyeshe magugu. Aliinama akang'oa mmea wenye maua madogo ya rangi ya buluu hafifu, ulioota hadi kufikia uso wa michai. Wataalamu huuita *Ageratum conyzoides*, na ni mmoja wa mimea inayobeba zile alkaloidi za pirolizidini. Ukiota juu ya mstari na mchumaji akaharakisha, unaingia kikapuni, unasagwa pamoja na chai, na hakuna mashine kiwandani itakayoutenga.

“Hili nalijua tangu nikiwa msichana,” mama alisema, akilitupa kando. “Mbuzi huwa namkatia. Hakuna aliyewahi kuniambia lina sumu kwenye chai.”

Kauli hiyo ilinigusa kuliko yote niliyoyasikia safarini. Sumu iliyokuwa karibu zaidi na kiwango cha kutia wasiwasi, kwa hesabu ya maabara, ndiyo ambayo mtu mwenye uwezo wa kuizuia hakuwa ameelezwa. Na uwezo huo uko vidoleni mwake. Kupalilia kwa jembe kunachosha na kunahitaji vibarua. Dawa ya magugu ni rahisi, lakini nayo ina mabaki yake na vikomo vyake. Mashine za kuchumia zinazotumika kwenye mashamba makubwa hazichagui, hukata kila kilichofika usawa wa kisu. Mkulima hulipwa kwa kilo, na gugu lina uzito. Tukitaka mkono unaochagua, tuulipe mkono huo: jani safi liwe na bei yake, na kupalilia kuhesabiwe kuwa kazi ya usalama wa chakula.

Tuliingia ndani kujikinga na mvua. Binti alileta chupa ya chai na mkate, akamimina. Mvuke ulipanda, na mama akanywa papo hapo, bila kupuliza. Nilimweleza, kwa heshima, kwamba mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto sana, vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani ya umio. Hilo ni kundi lenye ushahidi mzito kuliko lile la antrakwinoni. Saratani ya umio imeandama ukanda wetu, kutoka Ethiopia hadi Malawi, na hospitali ya Tenwek kule Bomet, si mbali na hapo, imewahudumia wagonjwa wengi, wengine wakiwa vijana. Watafiti waliopima joto la chai Kilimanjaro walikuta watu wakianza kunywa ikiwa juu ya nyuzi 70.

“Chai iliyopoa si chai, mwanangu,” alinijibu. “Hiyo ni maji ya kuoshea vikombe.” Lakini alikiweka kikombe mezani, akaniuliza ingoje muda gani. Nikamwambia dakika chache tu zinatosha, au amimine maziwa baridi mwishoni. Hakuna maabara inayohitajika, wala shilingi ya kutoa.

Hivyo ndivyo nilivyolijibu swali nililoondoka nalo Mombasa. Mabaki ya dawa za wadudu katika chai yetu, kwa kiasi kinachoonekana kwa kawaida, yako mbali na kumdhuru mnywaji, na vipimo vinavyoyadhibiti viendelee ili yabaki mbali. Moshi wa kiwanda una tiba ya fundi. Gugu lenye maua ya buluu linastahili kuogopwa zaidi ya linavyoogopwa sasa. Floraidi inamtafuta mtoto wa Bonde la Ufa kupitia maji kabla ya majani. Na joto la kikombe, ambalo hakuna cheti kinacholiandika, linaweza kuwa zito kuliko vyote.

Wakati nikiaga, nilimwuliza mama kama amewahi kuona karatasi ya matokeo ya chai yake. Hajawahi. Karatasi hiyo huenda kwa mnunuzi; kwa mkulima hufika ikiwa amri au bei iliyoshuka. Mnywaji wa soko la Gikomba au Kongowea haimfikii kabisa, kwa kuwa umakini mwingi wa vipimo unafuata soko la nje. Hili linaweza kubadilika bila kungoja mashine mpya. Pakiti za dukani kwetu zichukuliwe sampuli kwa bidii ile ile inayotumika kwa magunia ya Shimanzi. Karatasi ya matokeo iandikwe namba mbili badala ya moja: kilichopatikana kwenye jani, na hicho ni sehemu gani ya kiasi kinachotia wasiwasi kwa mtu anayekunywa kama tunavyokunywa sisi. Kisha ibandikwe ukutani kwenye kituo cha majani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, na picha ya gugu pembeni, mahali ambapo wachumaji hupanga foleni na vikapu vyao kila asubuhi.